Mtu Aliyeoshwa kwa Mafuta ya Taa

Tulipofungua sanduku la bati la Mama, wiki moja baada ya kumzika, kilichotupokea kwanza ni harufu ya mafuta ya taa. Binti yangu akaziba pua. Mimi nikainama nivute zaidi, maana wako watu wanaokumbuka kwao kwa harufu ya mkate au ya maua, lakini mimi nyumbani kwetu Makongeni hunijia kwa mafuta ya taa. Chini ya vitenge na Biblia ya Kikamba kulikuwa na kitu bapa, cha mraba, kimefungwa kwa kitambaa cheupe cha kichwani. Nilikijua kabla sijakifungua. Nikakaa sakafuni, mtu mzima mwenye mvi, nikalia mpaka binti yangu akashtuka.

"Ni nini, Mama?"

"Ni santuri," nikamwambia. "Miaka yote hii nilidhani aliichoma."

Baba alikuwa fundi wa rangi kwenye karakana ya reli. Alipaka mabehewa na matangi, na ndiye aliyeandika zile namba ndogondogo za ubavuni kwa brashi nyembamba, bila rula, huku ameshika pumzi. Jioni alirudi na rangi usoni, na Mama hakumruhusu kuingia hivyo. Alimwekea kigoda mlango wa nyuma, kitambaa na kopo la mafuta ya taa, na Baba akajipangusa mikono, shingo, hadi kope, naye Mama akamfuta nyuma ya masikio. Rangi ya fedha ndiyo ilikuwa sugu kuliko zote. Siku nyingine alikaa mezani bado anametameta machoni, na kaka yangu Kioko akanong'ona kwamba buda amekuja na vipodozi. Mimi nilimwona Baba amependeza kupita baba wote wa mstari wetu wa nyumba, na sikuona la kuchekesha.

Msimamizi mmoja Mzungu alipokuwa anarudi kwao, Baba ndiye aliyempakia masanduku yake rangi na kuyaandika jina. Zile herufi zilimfurahisha yule mtu hata akampa gramafoni yake ya betri, aina ya kubeba mkononi kama mkoba, na ndani yake santuri moja kubwa aliyokuwa ameisahau au amechoka nayo. Baba aliingia nayo nyumbani akaiweka mapajani mwa Mama.

"Mama Kioko, hii ni yako."

Mnikumbushe hayo maneno baadaye, kwa sababu yalikuja kuwa na uzito.

Juu ya jalada alisimama mtu ambaye hatukuwahi kuona mfano wake Makongeni wala kwingine. Nywele zilikuwa nyekundu, zimesimama kama upanga wa jogoo. Kope zilipakwa rangi ya fedha, na kijani kikateremka mpaka mashavuni. Kola yake ilikuwa ya manyoya. Miguuni alivaa raizoni, viatu vya soli nene, za fedha na zilizopanda hadi magotini, mkono mmoja kiunoni, na mdomo ameufungua wote, anaimba.

"Huyu ni manzi ama ni jamaa?" Kioko akauliza.

Baba aliliangalia jalada muda mrefu, kwa jicho la fundi. "Ni mtu yuko kazini," akasema.

Basi kwangu suala lilikwisha hapo. Yule alikuwa fundi wa rangi. Ile fedha ya machoni niliijua, niliiona kila jioni mlango wa nyuma. Viatu navyo ni wazi alikanyaga ndani ya debe. Nikaamua kwamba ni mtu aliyetoka kazini amechelewa, akapitia moja kwa moja kwenye kuimba, na hakuwa na mke wa kumwekea kopo na kitambaa. Nilimhurumia sana. Betri zilipoanza kufa na sauti yake kuteremka, ikawa nzito na ya kuburuta, nilimwambia Baba azime. "Amechoka," nilisema. "Tangu asubuhi hajaketi." Baba alizima kwa heshima zote, akazitoa zile betri, na kesho yake Mama akazianika dirishani juani zipate nguvu tena.

Saa yake ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa na sahani ya muthokoi. Baba alifuta santuri kwa mkono wa shati safi, akaweka ndururu, ile sarafu ya senti tano, juu ya kichwa cha sindano ili isirukeruke, kisha akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyewasha fataki. Kwanza ulisikia kukwaruza. Halafu ngoma mbili, nzito, zinajibizana, na watu wengi wanapiga makofi pamoja. Kikombe kwenye kabati kililia. Halafu gitaa likaingia, na lile gitaa, wenzangu, sijui niliseme vipi. Tulizoea magitaa ya kwetu yanayoongea kwa upole, vidole vinatembea. Hili liliingia bila hodi, kama msumeno kwenye bati, na badala ya kukuudhi likakufanya utake kusimama. Baba, ambaye siku zote alisikiliza makelele ya chuma akiwa kazini, alitabasamu. Nadhani alifurahi kwamba kuna mtu mahali fulani ameyasikia makelele yale yale akaona ni muziki.

Nimesikiliza santuri nyingi tangu hapo, na nimekuwa na vyombo vya maana vya kuzisikilizia. Bado naiweka ile juu. Kilichonishinda tangu utoto ni ile sauti. Ilianza chini, sauti ya mwanamume kabisa, halafu katikati ya mstari ikapanda ikawa ya mama wa kwaya, na haikuomba radhi. Upande wa kwanza wote ulikuwa majigambo: nyimbo fupi, za kukanyaga sakafu, kila moja imevaa kupita iliyotangulia. Ukigeuza upande wa pili, unaona kwamba majigambo yale yalikuwa yanaficha kitu. Piano inabaki peke yake. Fidla zinakuja taratibu kama watu wanaoingia nyumba yenye msiba. Na wimbo wa mwisho kabisa, ule wa polepole, yule mtu anaimba karibu na sikio lako, hana kelele tena, na ukimalizika, kabla sindano haijafika katikati, unamsikia akivuta pumzi na kiti kikilia chini yake. Hawakukifuta kile kiti. Mpaka leo nawashukuru. Nilipokuja kujua Kiingereza sawasawa nikagundua kwamba nusu ya maneno hayana kichwa wala miguu, yanahusu mambo ya angani na wasichana wenye magari, na haikunipunguzia hata punje ya mapenzi.

Wimbo ule wa mwisho ulikuwa wa Mama. Hapo lazima niwaambie kuhusu jino. Mama alivunjika jino la mbele akiwa msichana, aliteleza na mtungi njia ya mtoni huko kwao, na akabaki na pengo ambalo hakulizoea maisha yake yote. Alicheka kwa kiganja mdomoni. Picha akipigwa, alifumba midomo kama mshonaji aliyebana pini. Lakini wimbo wa mwisho ulipoanza, Baba alimnyooshea mkono, naye akaacha sufuria, akacheza katikati ya meza na kitanda, akiimba bila maneno zile sehemu za juu, na mkono wake ukasahau kwenda mdomoni. Kioko alisema mathe anaaibisha watu. Mimi nilitamani Jumapili zifuatane bila siku nyingine katikati.

Halafu Mama akaokoka.

Simsemi vibaya. Ushirika ule ulimpa amani ambayo sisi hatukuweza kumpa, na aliushika mpaka mwisho. Ila ulikuwa na desturi yake: aliyeokoka hutoa vitu vya maisha ya zamani mbele ya wenzake, akavitaja kimoja kimoja, kisha vikachomwa. Wengine walitoa chupa za ugoro, wengine shanga, wengine picha za wachumba waliopita. Kiongozi wa wanawake alikuwa Dada Ndinda, mrefu, mwenye sauti ambayo hata mvua ingenyamaza kuisikiliza. Alikuja kwetu siku moja kunywa chai, akaliona jalada limeegemea ukuta.

"Dada, huyu anayekaa na wewe kwa nyumba ni nani?"

"Ni santuri tu, Dada."

"Mwanamume amejipaka hivyo, na unaniambia ni santuri tu?" Akaligeuza jalada liangalie ukuta. "Dada, hiyo rangi. Hiyo rangi usoni ndiyo shida yote. Jumamosi tunakuja. Itoe na hayo mengine."

Niliyasikia yote nikiwa nimekaa chini ya meza na madaftari yangu. Jioni, Baba alipokuwa bado kwenye kigoda chake, Mama akamwendea mlango wa nyuma.

"Baba Kioko, wanataka niichome."

Baba aliendelea kupangusa kidole kimoja. "Nilikupa wewe. Ukiichoma, umechoma yako."

"Na wewe utasema nini?"

"Mimi nitanyamaza."

Hapo ndipo nilipoogopa. Kunyamaza kwa Baba tulikujua. Aliwahi kukosana na ndugu yake, akanyamaza miaka miwili, wanapishana mlangoni kama watu wa nchi mbili. Nikaiona nyumba yetu: Mama na nyimbo zake za ushirika upande mmoja, Baba na ndururu yake upande wa pili, na katikati hakuna anayecheza. Usingizi haukuja haraka. Lakini asubuhi niliamka na dawa. Dada Ndinda mwenyewe alikuwa ameitaja shida: rangi. Na rangi, nani nyumba ile hakujua jinsi inavyotoka?

Jumamosi Baba alikuwa kazini nusu siku, Kioko yuko uwanjani, na Mama ameenda kupanga foleni ya bombani. Nikachukua kopo na kitambaa, nikaliweka jalada juu ya kigoda cha Baba, nikaanza. Niliosha kwa upole, jinsi Mama alivyomfanyia Baba nyuma ya masikio. Kwanza kijani kikatoka kidogo, kikaingia kwenye kitambaa, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikazidisha mafuta. Fedha ilikuwa sugu, kama ilivyo kawaida yake, nikasugua. Halafu kope zikaondoka na macho pamoja. Nikasema labda chini yake yako macho mengine. Nikasugua. Pua ikaenda, mdomo ukaenda, na karatasi ikaanza kutoa manyoya meupe kama pamba. Nilipoacha, nywele nyekundu zilikuwapo, kola ya manyoya ilikuwapo, na katikati palikuwa peupe.

Nikapuliza pakauke. Nikalirudisha jalada kwenye ukuta, limegeuka, jinsi Dada Ndinda alivyoliacha.

Walikuja saba, wakaimba, wakaomba. Jiko la makaa liliwekwa nje nyuma, kando ya kamba za nguo, na majirani wakajifanya wana shughuli karibu. Mama alitoa bangili zake. Akazitaja. Akatoa kile kipande cha mwisho cha rangi ya midomo, akatoa sketi yake fupi ya manjano, na sketi ikanuka ilipoungua. Kisha akaingia ndani akatoka na santuri, ameishika kifuani kwa mikono miwili, na niliuona uso wake. Sijawahi kuona mtu akibeba kitu kizito vile ambacho hakina uzito.

"Na hii," akasema. "Hii nilicheza nayo na bwana yangu."

Akaligeuza jalada wote walione. Wote wakaona. Dada Ndinda akasogea, akainama kuliangalia.

"Nani amefanya hivi?" Mama akauliza.

Miguu yangu ilinisogeza mbele yenyewe. "Ni mimi. Nimemwosha." Nikaendelea, nikilia sasa, maneno yanamwagika. "Alikuwa ametoka kazini. Hakuwa na mtu wa kumwosha. Nimemwosha na mafuta ya taa kama Baba. Rangi imetoka yote, Dada Ndinda, angalia. Sasa ni msafi. Msimchome."

Mama alinitazama, akalitazama jalada, akanitazama tena. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye kigoda cha Baba, mdomo wazi, pengo lake nje mbele ya ushirika mzima na majirani, machozi yanatiririka, na mkono haukwenda popote.

"Dada, unacheka mambo ya wokovu?" Dada Ndinda akasema.

"Nacheka, Dada." Mama alipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake. "Mlisema shida ni rangi ya usoni. Huyu ameoshwa. Tutamchoma kwa kosa gani?"

"Na ngoma iliyo ndani?"

"Hiyo nitaongea na Bwana mwenyewe."

Walimwadhibu kwa hilo. Kwa miezi kadhaa Mama alikaa benchi la nyuma kwenye ushirika, hakuruhusiwa kushuhudia, na alikaa bila kunung'unika. Lakini siku ile jiko lilizimwa, na santuri ikarudi ndani.

Baba alipofika, mimi nilikuwa nimejificha kitandani nikisubiri kiboko. Nilimsikia Mama akimsimulia mlango wa nyuma, kisha nikasikia kikohozi kirefu cha mtu anayezuia kicheko. Hakunipiga. Jumapili iliyofuata, badala ya kufungua gramafoni, alitandaza gazeti mezani, akapaka pale peupe rangi ya kwanza, akasubiri ikauke wiki nzima. Jumapili baada ya Jumapili, kwa ile brashi nyembamba ya namba, alimchorea yule mtu uso mpya. Mimi nilikaa kando yake nikishika kopo. Uso ulikuwa wa kahawia, na nilielewa kwamba hiyo ndiyo rangi ya debe aliyokuwa nayo. Kope akazirudishia fedha. Mdomo akaufungua, unaimba kama zamani, na meno akayatia moja moja.

"Baba, umesahau jino," nikamwambia. "Hapo mbele."

"Sikusahau," akasema, akaosha brashi.

Nilimwonea huruma. Niliona kwamba Baba ni bingwa wa namba, ila watu hawawezi. Yule mtu hakufanana na yule wa kwanza hata kidogo. Kioko alisema amekuwa kama jirani aliyevaa nywele za kuazima.

Mama hakucheza tena. Nadhani hilo ndilo alilokubaliana na Bwana. Lakini Jumapili wimbo wa mwisho ulipofika, hakutoka nje. Alikaa na kushona, na kama ungekuwa chini ya meza ungemsikia, chini kwa chini, akienda pamoja na zile sehemu za juu. Baba hakunyamaza. Walizeeka wakibishana kuhusu chumvi.

Gramafoni ilikufa, Baba akastaafu, mimi nikaolewa. Baba alipofariki niliomba kitu kimoja tu, santuri ile. Mama alisema, "Hayo mambo yaliisha," akageuza uso. Nikajua ameichoma hatimaye, sasa kwa kuwa hakuna wa kumnyamazia. Niliwahi kumwambia, siku ya hasira, kwamba wokovu wake ulimla Baba hata baada ya kufa. Aliendelea kushona. Neno lile nililirusha mara moja, na tangu Jumatatu ile ya sanduku nimekuwa nikilitafuta nilirudishe.

Nilifungua pembe ya kitambaa kile cheupe. Ndururu ilikuwa imefungwa kwenye fundo. Jalada lilikuwa limechakaa kingo, lakini katikati rangi ya Baba ilikuwa mbichi kama ya jana, na ndiyo iliyokuwa ikinuka mafuta ya taa. Binti yangu, ambaye alimjua Susu wake, yaani bibi yake, lakini hakumwona babu yake wala hakujua hadithi hii, alilichukua kutoka mkononi mwangu akalipeleka dirishani.

Tulikuwa tumehangaika sana na picha ya Mama ya kuweka mbele ya jeneza. Tulipekua albamu zote, za Kioko na zangu, za harusi, za kanisa. Hatukupata hata moja aliyofungua midomo.

"Mama," binti yangu akasema, "mbona Susu amevaa nywele nyekundu?"